Injini Iliyotaka Upepo

Mwezi wa tatu mwaka 1988, siku ya Jumanne yenye mvua, tulimzika kaka yangu kwenye kibanja chetu cha migomba huko Kanazi, pembeni mwa kaburi la baba. Alifia hospitalini mjini Bukoba, akaletwa kwa mama akiwa amefungwa shuka. Aliacha mke, watoto wawili, redio isiyo na betri, na pikipiki nyekundu iliyokuwa imeanza kutoa moshi.

Nimesoma hadi darasa la saba. Mambo ya moyoni yananishinda kuandika. Ya pikipiki nayaweza kidogo, kwa hiyo nitaandika ya pikipiki.

Kwetu siku za matanga watu hawashiki jembe. Nyumba hutandazwa nyasi, wanawake hukaa ndani, wanaume nje kwenye moto, na kazi ya mfiwa ni kukaa tu. Mimi sikuweza kukaa. Nikiketi, miguu inataka kusimama. Nikisimama, sijui pa kwenda. Mwishowe nilikuwa nakwenda nyuma ya nyumba, pale pikipiki ilipoegeshwa chini ya migomba, nachuchumaa, nachukua kijiti na kukwangua udongo uliokauka kwenye injini. Nikimaliza upande mmoja narudi kuketi na watu. Baada ya muda mfupi naondoka tena.

"Huyo kila saa anafuata nini huko nyuma?" shangazi aliuliza kutoka mlangoni.

Baba mdogo, ambaye ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo wetu, alijibu bila kugeuka. "Mwacheni. Anamlisha mbuzi wake wa chuma."

Watu walicheka kidogo, kwa namna ya kucheka msibani, mkono ukiwa mdomoni. Mimi niliendelea kukwangua.

Udongo huo una maana yake. Injini ya pikipiki ile haikuwa na maji kama ya gari. Ilizungukwa na mapezi ya chuma, mengi, yaliyopangana karibu karibu. Oili ndiyo iliyokuwa ikitoa joto ndani na kulileta kwenye chuma, na upepo ndio uliolichukua kutoka kwenye mapezi. Hapakuwa na msaada mwingine. Udongo ukijaa katikati ya mapezi, upepo haupiti. Na pikipiki isipotembea upepo haupo kabisa.

Hayo nilifundishwa na kaka, naye alifundishwa na vita. Mwaka 1978, mizinga iliposikika kutoka upande wa Kyaka na watu wakawa wanapita barabarani na magodoro kichwani kwenda upande wa Muleba, sisi tulimkimbiza mama kwa mjomba. Kaka hakuja nasi. Alikuwa mgambo, na kwa kuwa alijua baiskeli wakampa pikipiki apeleke barua za wakubwa kutoka kambi hadi kambi. Alirudi mwaka uliofuata, kakondeana, hataki kusimulia lolote. Alichokuwa tayari kueleza kilikuwa kimoja tu, namna ya kuifanya injini idumu. Pikipiki yake mwenyewe aliipata baadaye, kwa padre mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, na tayari ilikuwa imekwisha kula barabara za parokia miaka mingi.

"Injini haifi kwa uzee," alikuwa akiniambia. "Inakufa kwa mazoea mabaya."

Asubuhi aliiwasha akaiacha ingurume taratibu, yeye anakunywa uji, mpaka oili ipande juu. Petroli aliichuja kwa kitambaa. Miaka ile oili ilikuwa ya kutafuta kama sabuni na chumvi, lakini ikishakuwa nyeusi hakukubali kuirudishia; afadhali tutembee kwa miguu mpaka apate nyingine. Plagi aliisugua kwa mswaki wa zamani. Hakuiosha kwa maji hata siku moja ikiwa ya moto. Na akimaliza kupanda mlima mrefu, alisimama mahali penye kivuli, anazima, anapiga tangi kwa kiganja mara moja na kuiambia, "Pole."

Kwa mazoea hayo pikipiki ile ilikaa zaidi ya miaka saba mikononi mwake bila kushushwa injini. Kilichoiharibu ni misiba.

Ugonjwa ulipoingia, huu ambao leo unaitwa Ukimwi, sisi bado tukiuita kwa jina la shati lililokuwa likiletwa kwa magendo kutoka Uganda, watu walianza kurudishwa nyumbani kutoka Bukoba, Mwanza, Kampala, wengine wakiwa hai, wengine kwenye sanduku. Gari likishusha sanduku barabara kuu, kijiji chote kinakwenda kulipokea na kulisindikiza kwa miguu hadi kibanjani. Mbele anatangulia katekista na msalaba. Katekista wetu alikuwa na mguu mbovu. Kwa hiyo ikaonekana vyema akae nyuma ya pikipiki ya kaka, ashike msalaba juu, na pikipiki itangulie kwa mwendo wa watu.

Mara ya kwanza kaka alikwenda hatua chache hivyo, kisha akaongeza moto, akaenda hadi kwenye kona, akasimama huko kuwangoja. Walipofika akakimbia tena mbele, akangoja tena. Jioni alisemwa mbele ya watu.

"Wewe ulikuwa unashindana na nani leo?" baba mdogo alimuuliza. "Maiti haina haraka."

"Maiti haina haraka, baba, lakini injini inataka upepo."

"Inataka upepo! Na heshima inataka nini?"

"Basi katekista ashuke, tumpakie kwenye baiskeli. Baiskeli haiungui."

"Katekista juu ya baiskeli, na msalaba ushikwe na nani? Na tairi la baiskeli lipatikane wapi?"

Mwaka mzima walibishana hivyo, na watu walizoea. Walikuwa wakisema kaka anamkimbia marehemu asije akamdai. Yeye alicheka, akaendelea kukimbia mpaka kwenye kona. Lakini mwaka wake wa mwisho, alipoanza kuumwa mwenyewe, hakubishana tena. Alikwenda kwa mwendo wa watu kutoka barabarani hadi kaburini, gia ya kwanza, klachi imeshikwa nusu, msiba baada ya msiba. Mimi nilikuwa nikitembea pembeni nikinusa oili inavyoungua. Nilimtazama usoni, naye alitazama mbele. Masika yalipokaribia pikipiki ilikuwa inatoa moshi wa bluu, na kaka hawezi tena kupiga kiki.

Ndivyo ilivyoingia mikononi mwangu.

Mwezi wa saba ulifika, kiangazi, vumbi. Mfanyabiashara mmoja wa dagaa aliyekuwa akipita kwenda sokoni Bukoba alisimama kwetu na kuniletea maneno ya dada yangu. Dada ndiye aliyenitangulia kuzaliwa. Mimi ni kitindamimba. Alikuwa ameolewa na mchuuzi wa samaki aliyetoka mbali, upande wa Mara, wakaishi kwenye kisiwa kimoja cha Muleba. Mume alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Sasa maneno yalikuwa haya: nimfuate mwaloni upande wa Muleba, pale mitumbwi inapofikia, atavushwa na wavuvi, na nije wakati bado anaweza kukaa.

"Kasema hivyo hivyo?" nilimuuliza.

"Hivyo hivyo. 'Wakati bado naweza kukaa.' Mimi nisikufiche, ndugu yangu. Usingoje Jumapili."

Mama alikuwa amesikia yote. Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza kwenda popote zaidi ya kanisani. Alimenya ndizi mpaka zikaisha, kisha akasema, "Kaka yako nilimwita, hakuitika. Walikuwa wamekwisha kumfunga shuka. Huyu nataka nimwite aitike."

Usiku ule sikupata usingizi wala sikupata pa kukaa. Mabasi yalikuwa machache, na makondakta walikuwa wamejifunza kumtambua mgonjwa kwa mbali. Akiwa amekonda watasema gari limejaa. Lori lingemvunja mifupa. Ilibaki pikipiki.

Niliipeleka kwa fundi mmoja wa Kashai, mjini Bukoba, mtu mnene aliyefanya kazi huku anaongea na kila apitaye. Alishusha kichwa cha silinda, akaingiza kidole ndani, akakitoa kimelowa.

"Hizi ringi zimechoka. Hii injini umri wake ni wa kuozesha mabinti."

"Kuna ringi nyingine?"

"Ziko. Ziko Nairobi." Alifuta kidole kwenye suruali. "Nitaisafisha, nitaweka gasketi, utatembea. Ukisikia mlio kama vijiko vinagongana kwenye sufuria, simama hapo hapo. Usiseme nafika pale kwenye duka. Simama."

"Itanifikisha Muleba?"

"Muleba itakufikisha. Kurudi, mwombe Mungu. Utampakia nani?"

"Dada yangu. Mgonjwa."

Aliacha kuzungumza na wapita njia. "Mgonjwa utamwendesha taratibu," alisema.

"Ndiyo."

"Na hii ukiiendesha taratibu inakufa."

"Najua."

"Basi unajua," alisema, akaanza kufunga nati.

Nilikwenda peke yangu vizuri tu, kwa sababu peke yangu niliweza kukimbia. Upepo ulipita, moshi ukapungua, nikaanza kujidanganya kwamba imepona. Mwaloni nilifika alasiri. Vijana waliokuwa wakianika dagaa waliniona nikishuka na wingu nyuma yangu.

"Oya, hiyo ni pikipiki au jiko la kuni?"

"Jiko! Tuletee tukaangie hawa!"

Dada alikuwa ameketi juu ya mfuko wake wa nguo chini ya kibanda cha nyavu, khanga imefunika kichwa. Nilimtambua kwa sauti kabla ya uso.

"Umekonda," aliniambia, akacheka mwenyewe mpaka kikohozi kikamshika. Vijana wale wa dagaa waliacha utani. Mmoja alimletea maji kwenye kikombe.

Tulilala kwa mama mmoja mkaanga samaki, na asubuhi, hewa ikiwa bado baridi, wakanisaidia kumpandisha. Hakuweza kunishika kwa nguvu. Yule mama alichukua khanga, akaizungusha mgongoni kwa dada na kuifunga tumboni kwangu, fundo juu ya kitovu, kama anavyobebwa mtoto.

"Mimi nimekubeba hivi hivi ukinikojolea mgongoni," dada alisema kwenye sikio langu. "Leo nitakulipa."

"Wewe lipa tu. Tukifika nitaoga."

Niliweka gia ya kwanza, ya pili. Barabara ilikuwa ya changarawe, ina mikunjo kama ubao wa kufulia. Gia ya pili dada aliweza kupumua. Gia ya pili injini haikuweza. Nikiweka ya tatu, injini ilitulia, sauti ikawa safi, lakini nilihisi kidevu chake kinagonga bega langu na pumzi inamtoka vipande vipande. Nikipunguza, yeye anatulia, na joto linaanza kupanda kwenye mapaja yangu. Nilikuwa na masikio mawili, moja linasikiliza chini, jingine linasikiliza nyuma, na kila moja liliniambia kinyume cha mwenzake.

Basi nikafanya hivi. Pale barabara ilipokuwa laini nilikimbia kadiri alivyoweza kuvumilia. Alipogonga bega langu kwa paji la uso, ndiyo ilikuwa ishara yetu, nilisimama. Niliposikia vijiko kwenye sufuria, nilisimama. Wakati mwingine vilikuja pamoja. Namlaza dada juu ya majani makavu ya migomba, pikipiki naigeuza uso wake uelekee upande unakotoka upepo wa ziwa, na mimi nazunguka katikati yao. Nagusa paji la uso la huyu. Naweka kiganja karibu na mapezi ya ile. Sikuweza kuketi.

"Keti, wewe," dada alisema. "Unanizungukia kama nzi."

"Naangalia jua."

"Jua halikimbii." Alifumba macho. "Imechoka?"

"Inapumzika."

"Na mimi nimechoka au napumzika?"

"Unapumzika, dada."

"Haya. Tusidanganyane, lakini haya."

Baadaye aliuliza kama ni kweli kaka alikuwa akiiongelesha pikipiki. Nikamwambia ni kweli, alikuwa akiiambia pole. Alicheka bila sauti. Tulipoondoka pale nilihisi mkono wake umepita pembeni mwangu, unagusa tangi.

Mchana wote tulikwenda hivyo. Kwenye rweya, pale pasipo na migomba wala nyumba, ambapo ni majani na mawe tu, upepo ulikuwa mwingi, na injini ilikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Nilianza kuona mikahawa ya upande wetu. Jua lilikuwa bado juu kiasi cha kufika nalo. Ulibaki mteremko wa chemchemi na mlima mmoja wa kupanda hadi nyumbani, mlima ule ambao kaka akiumaliza alikuwa akiiomba pikipiki radhi.

Pale chini, kwenye chemchemi, vijiko viligonga. Nikazima.

Wanawake watatu walikuwa wanapanda kutoka majini, ndoo kichwani. Walikuwa majirani zetu. Walipomwona dada walitua ndoo bila kusema, wakaja, wakamsaidia kukaa kwenye majani, wakalowesha pindo la khanga na kumpangusa uso na shingo. Mikono yao ilifanya haraka, bila kuulizana. Wote watatu walikuwa wamepangusa nyuso nyingi miaka ile.

"Pole, mwana. Umefika. Nyumbani ni hapo tu."

Mkubwa wao, bibi aliyekuwa amewazika watoto wake wote isipokuwa mmoja, aliinuka na kata ya kuchotea maji mkononi, akaiangalia pikipiki. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye mapezi na chuma kilikuwa kinalialia chenyewe, kama kinavyofanya kikiwa na moto mkali.

"Na hii nayo ina homa," alisema, na akaimiminia maji.

Nilikuwa upande wa pili nikimfunika dada. Nilisikia mvuke, na ndani ya mvuke nilisikia mlio mwingine, mdogo, mkavu, kama kijiti kinavunjwa gotini. Bibi alichota tena. Nilimfikia, nikashika mkono wake wenye kata.

"Asante, mama," nilisema. "Inatosha. Asante."

Miezi michache baadaye fundi wa Kashai alinionyesha ufa wenyewe, mwembamba kama unywele, kutoka pezi la juu hadi chini ya silinda, akauliza ni mpumbavu gani alimwaga maji. Nikamwambia hakuwa mpumbavu. Wakati huo dada alikuwa amekwisha kuzikwa. Aliishi hadi msimu wa senene, akala senene wa mwaka ule, akafa. Lakini siku ile kwenye chemchemi sikujua hayo ya mbele. Nilijua tu kwamba nilikanyaga kiki ikashuka bila kunizuia mguu, kama kukanyaga matope. Nikakanyaga tena. Nikakanyaga mpaka jasho likaniingia machoni.

"Nimeifanya nini?" bibi aliuliza.

"Hujaifanya kitu, mama. Ilikuwa imechoka."

Dada alinitazama kutoka pale majanini. Alinijua tangu utoto, alijua nikisema uongo nafanya uso gani.

Mwanamke mmoja alikwenda mbio kuita wanaume. Mimi nilikuwa natembea kutoka kwa dada hadi barabarani, kutoka barabarani hadi kwa dada. Pumzi yake ilikuwa imeanza kuwa fupi. Jua lilikuwa limegusa migomba ya juu ya mlima. Walikuja wanaume sita na baba mdogo mbele yao, na mabegani walikuwa na machela, ile ya fito na kamba ambayo kijiji chetu kilibebea wagonjwa na maiti.

Dada alipoiona, alijiinua kwa kiwiko.

"Sipandi hicho."

"Mwanangu, utalala vizuri," baba mdogo alisema.

"Mama akiniona nimelala juu ya hicho, naingia uani, atafikiri nini? Nimetoka kisiwani nimekaa. Nataka nifike nimekaa."

"Huwezi kukaa tena."

"Nimekuja nimefungwa kwa huyu. Nifungeni tena."

Baba mdogo alinitazama. "Inawaka?"

"Haiwaki, baba."

"Sasa atakaa juu ya kitu gani?"

"Juu ya hiyo hiyo," dada alisema. "Isukumeni."

Walitazamana. Kisha mmoja aliegemeza machela kwenye mkahawa. Nikapanda mbele, wakampandisha nyuma yangu, yule bibi wa kata akafunga khanga tumboni mwangu, akavuta fundo kwa meno. Nikaweka gia huru. Wawili walishika nyuma, wawili ubavuni wakimshikilia dada asiegemee, waliobaki pembeni, na wanawake nyuma na ndoo zao. Tukaanza kupanda, kwa mwendo wa watu. Injini ilikuwa kimya chini yangu. Hapakuwa na joto la kuogopa.

Lakini bado sikutulia, na katikati ya mlima nilielewa kwa nini. Mama alikuwa ameketi mlangoni tangu mchana akisikiliza mlio. Mlio hautakuja. Atakachosikia ni miguu ya watu wengi wakipanda polepole bila kuongea. Nani kijijini kwetu hakuujua mshindo ule?

"Baba," nilisema. "Ongeeni."

"Tuongee nini?"

"Chochote. Mama anasikia miguu tu. Atadhani tunamletea maiti."

Baba mdogo alisimama kidogo, mkono kwenye goti, akihema. Nilimwona ameelewa. Watu wote walinyamaza zaidi, kama inavyokuwa ukiwaambia watu waongee. Ndipo yeye, aliyetufundisha wote namna ya kutembea nyuma ya sanduku, alivuta pumzi, akakunja mdomo na kuanza kunguruma.

"Brrrrm! Brrrrm!"

Mmoja wa wasukumaji alikohoa kwa kicheko. "Mzee, hiyo gia ya ngapi?"

"Ya kwanza! Brrrrm! Sukuma, wewe mvivu, mbona plagi imelala?"

"Mzee unatoa moshi!"

"Moshi ni wa tumbaku. Brrrrm!"

Wanawake nyuma walicheka, ndoo zikamwagika, wakaanza kulaumiana kwa sauti. Nilihisi dada anatikisika mgongoni kwangu. Nilidhani ni kikohozi. Alikuwa anacheka.

Tulipofika kwenye mwanya wa kuingilia kibanjani nilimwona mama. Alikuwa amesimama mbele ya mlango, mikono yote miwili kichwani, jinsi wanawake wanavyoiweka wanaposubiri kuambiwa msiba. Alitusikia tukicheka na hakuelewa. Watu wakanyamaza. Baba mdogo naye akazimika.

"Mwana wange!" mama aliita.

Nilihisi kifua cha dada kinatafuta hewa, kinaikosa, kinatafuta tena. Wale wawili wa ubavuni walimwinua kidogo kutoka makwapani.

"Mwana wange!"

"Mawe," dada aliitika, yaani mama kwa lugha yetu. "Nipo."

Mama alishusha mikono. Alikuja kwa miguu yake iliyovimba, bila fimbo, katikati ya migomba. Nilishusha stendi, nikashika fundo la khanga nilifungue, likanishinda. Mama aliniondoa mikono, akalifungua mwenyewe.